Usiku Niliposhika Mlingoti

Ukifungua televisheni ya zamani, wewe fundi wa siku hizi, usikimbilie waya. Tafuta mjusi kwanza. Televisheni zile zilikuwa na joto, na mjusi wa ukutani akishapata joto katika baridi ya Kitengela ya mwezi wa saba, hakuna mtu wa kumtoa. Anaingia kwa matundu ya nyuma, anachagua kona yake, na siku moja anaweka mguu mmoja hapa na mwingine pale. Kesho yake mwenye nyumba anakuja dukani na kusema televisheni ililia paa, halafu ikanuka nyama choma. Nimetoa mijusi wengi waliokauka kama majani chai. Kwa hivyo mtu akiniuliza maisha yangu yote nilikuwa nafanya kazi gani, naweza kujibu bila uongo mwingi kwamba nilikuwa natoa mijusi kwa televisheni za watu. Isipokuwa usiku mmoja, ambapo niliitwa kuwaingiza.

Brayo, ambaye sasa ndiye mwenye duka, ameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani, ili vijana anaowafundisha wasome. Nafikiri anataka nishughulike na kitu nisije dukani kila siku kumwangalia mikono. Anakosea. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mama Wanjiru, mke wangu, huambia wageni kwamba nilioa nyumba kwanza, yeye akakuja pamoja na viti. Sasa fikiria mtu kama huyo anapewa kazi ya kuingia nyumba za watu wengine, kupanda paa zao na kukimbizwa na mbwa wao. Niliifanya miaka mingi, na kila siku kuanzia saa tisa nilikuwa nikitazama njia ya kwangu.

Kazi nilijifunza Kware, pale Ongata Rongai, kwa Fundi Mutua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikaamini kwamba nafahamu umeme, kwa kuwa nilikuwa nimechora taa na swichi kwa daftari. Siku ya kwanza Mutua alinipa televisheni iliyozimwa na kuchomolewa, akasema nipanguse vumbi. Hakuniambia kwamba tyubu ya picha huweka umeme wake ndani hata baada ya kuchomolewa, kama mtu aliyekasirika jana. Nilijikuta nimeketi upande mwingine wa chumba, kitambaa bado mkononi.

Mutua hakuinua hata macho. "Imekusalimia," akasema. "Sasa inakujua. Endelea kupangusa."

Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya tulikuwa tunapasha kwa jiko la makaa, kwa kuwa stima ya Kware siku hizo ilikuja ikitaka. Lakini kifaa alichokipenda Mutua kuliko vyote kilikuwa kioo, hiki cha kunyolea ndevu. Fundi wa televisheni, mkumbuke, anafanya kazi nyuma ya televisheni, na picha iko mbele. Ukitaka kuona kama umetengeneza au umeharibu, unasimamisha kioo mbele na kuchungulia. Nilipoondoka kwake kwenda kujianzia Kitengela, alinipa kile kioo chake. Alisema, "Watu wataona filamu nzima. Wewe utaona vipande, tena vimegeuka. Ukishindwa kuvumilia hilo, uuze nyanya."

Kitengela ya miaka ya tisini haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa barabara, maduka ya kando, na nyuma ya maduka mbuga tupu. Asubuhi nyingine nilifungua duka nikakuta nyumbu wamesimama upande wa pili, kama wateja wanaosubiri. Nyumba nyingi hazikuwa na stima. Watu waliwasha televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari, na betri ikiisha wanaileta kwangu kuchaji, kwa baiskeli, kwa mkokoteni au kwa punda. Jirani yangu Abdullahi, aliyekuwa na duka la sukari na vitambaa na pia alinunua mbuzi, alizoea kusema duka langu ni hospitali ambayo wagonjwa wote wana ugonjwa mmoja.

Tatizo kubwa la hapa halikuwa betri. Lilikuwa upepo. Mbuga haina kitu cha kuuzuia. Unafunga antena asubuhi ikitazama Nairobi, jioni inatazama Namanga, na mwenye nyumba anaketi mbele ya skrini iliyojaa mchele. Tulikuwa tunaita hivyo, mchele, yale madoa meupe yanayochemka mahali pa picha. Nimepanda paa nyingi kuondoa mchele.

Ndio sababu siku ile sikushangaa kumwona Mzee Lemaron mlangoni asubuhi na mapema. Yeye alikuwa mteja wangu wa betri, Mmaasai mwenye boma kubwa upande wa Kisaju, mtu mrefu asiyesema sana. Nilishangaa tu kwamba hakuja na betri.

"Sopa, fundi."

"Ipa, Mzee. Betri iko wapi?"

"Betri iko sawa. Nimemwona mpishi."

Nikamwuliza ni mpishi gani. Akaketi juu ya sanduku la vyuma vikuukuu, akaweka fimbo yake kati ya magoti, akaniambia jambo ambalo naamini hakuwahi kumwambia mtu ambaye si wa rika lake.

Walipokuwa morani, vijana wa kulinda mifugo, yeye na mwenzake Ole Tajeu, walipeleka ng'ombe mnada wa Kajiado, wakalala pale. Jioni likaja gari la sinema, moja ya yale magari yaliyozunguka nchi kutangaza sabuni, likatundika kitambaa cheupe kati ya miti miwili. Baada ya sabuni wakaonyesha filamu. Watu wa kofia wameingia bonde moja la mbali ambako dinosaria bado wanaishi, mijusi wakubwa kuliko kanisa. Katika msafara wao kulikuwa na mpishi mnene, aliyebeba sufuria mgongoni. Wengine wote Mzee alikuwa amewasahau. Mpishi hakumsahau. Mpishi alifukuzwa, akapanda mti, mti ukavunjika, akabaki ananing'inia kwa tawi moja, sufuria inamgonga kisogo, na chini yake mjusi amefungua mdomo. Hapo mjusi akanguruma kwa spika ya gari. Na ng'ombe wote wa mnada wakavunja ua wakatawanyika gizani.

"Nikafuata ng'ombe," Mzee akasema. "Si ningefanya aje? Ni ng'ombe za baba."

Aliporudi na ng'ombe, jua lilikuwa limetoka na gari la sinema halipo. Ole Tajeu alikuwa ameketi mbele ya hoteli anakunywa chai. Mbele ya watu wote akasema, "Umekosa mwisho, Lemaron. Ulikimbia kitambaa."

Wanarika wa Kimaasai wana ruhusa ya kutaniana hadi kaburini, na Tajeu aliitumia ruhusa hiyo yote. Tangu ujana hadi walipokuwa na wajukuu, hakuna arusi wala jando ambapo hakusimulia jinsi Lemaron alivyokimbia kitambaa. Lemaron akisema alifuata ng'ombe, Tajeu anamwuliza kwa upole, "Basi mpishi alipona?" Na Lemaron hajui. Mbaya zaidi, Tajeu alikuwa anabadilisha mwisho. Arusi hii mpishi ameliwa na sufuria yake, na mjusi akitembea tumbo linalia ngwa, ngwa. Arusi ile mpishi amempika mjusi. Wake za wana wa Lemaron walikuwa wakimletea chai wanainamisha uso kuficha kicheko.

"Mimi ni mtu mzima," Mzee akasema. "Watoto wa watoto wangu wanacheza mchezo. Mmoja ananguruma, mwingine anakimbia. Anayekimbia wanamwita guka, babu yao."

Jana yake, kabla ya habari, stesheni ilikuwa imeonyesha kipande cha filamu ya Jumamosi usiku. Kilikuwa kifupi kama kupiga chafya, lakini Mzee alikuwa amemwona mpishi na sufuria. Alichotaka kwangu kilikuwa kitu kimoja. Picha isimame Jumamosi mpaka mwisho, na Tajeu akiwa ameketi karibu yake.

Nilikwenda Jumamosi mchana, na mpango wangu ulikuwa niwe nimerudi kwangu kabla ya giza. Nilibeba antena mpya, bomba refu la maji la kuwa mlingoti, na betri niliyoichaji mpaka ikatoa mapovu. Nyumba ya Mzee ilikuwa ya mabati, na bati lake lilikuwa jepesi kwa mlingoti mrefu kama ule. Nguzo ngumu kuliko zote pale ilikuwa ya mtarakwa, kwenye kona ya ua wa ng'ombe, hatua chache kutoka dirishani. Nikafunga bomba hapo kwa waya.

Mke wa Mzee, Mama Naisiae, alikuwa anapita na kibuyu cha maziwa. Akasimama akaangalia.

"Fundi, hapo ndipo dume letu jeupe hujikuna."

"Halitafikia waya, Mama," nikasema, kwa ile sauti ya mtu wa duka. "Nimekaza."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Picha ilikuja safi. Nikakusanya vyombo vyangu. Mzee akanyoosha fimbo mlangoni, polepole, kama mtu anayefunga zizi.

"Na mchele ukiingia usiku, nitamwita nani? Tajeu?"

Basi nikatuma ujumbe kwa lori la kokoto lililokuwa linarudi mjini. Baadaye Mama Wanjiru aliniambia kwamba aliposikia nitalala nje alimwuliza dereva kama ana hakika ni mimi.

Tajeu hakutaka kuja. Kwanza alisema macho yanamsumbua. Halafu ikawa ni mguu. Jua likizama Mzee akatuma wana wake wawili, nao wakamleta kwa heshima kubwa, mmoja kila upande, namna mtu anavyopelekwa kwa chifu. Alikuwa mfupi, mcheshi, amejifunika shuka mpya. Akaniamkia akasema, "Kwa hivyo ni wewe unarudisha mijusi. Hujui hawa ni wageni wabaya?" Akapewa kiti cha mbele kabisa, karibu na Mzee. Nyuma yao boma zima, wanawake, wana, wajukuu sakafuni. Mimi nilikuwa kando ya televisheni, mahali pangu pa siku zote, na kioo cha Mutua magotini.

Habari zikarefuka, kama kawaida yake. Halafu filamu ikaanza. Msafara ukaingia bondeni, na mjusi wa kwanza alipotoa shingo watoto wote walirudi nyuma pamoja. Kijana wa Mzee aliyekuwa sekondari alikuwa anatafsiri, ingawa alipochoka alikuwa akisema tu, "Wanabishana." Mimi nilikuwa namtazama Tajeu. Mtu aliyeiona filamu hukaa ameegemea, anangoja. Tajeu alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayetazama maji yakichemka.

Mpishi akapanda mti. Tawi likalia. Mzee Lemaron akasimama.

"Ndio huyu. Ni hapa." Akageuka. "Tajeu. Sema mwisho sasa, kabla haujafika. Sema mmoja, mbele ya hawa watu."

Tajeu akakohoa. "Nimeshasema mara nyingi."

"Ulisema nyingi. Leo chagua."

"Basi analiwa," Tajeu akasema. "Na sufuria yake."

Hapo mjusi akanguruma. Mzee alikuwa amesema sauti ipandishwe yote, na televisheni ilikuwa karibu na dirisha, na dirisha lilitazama zizi. Hawa hawakuwa ng'ombe wale wa Kajiado, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Tulisikia kwato, halafu nguzo ikigongwa, na skrini ikajaa mchele. Sauti ikabaki. Mpishi alikuwa anapiga kelele ndani ya mchele.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka kama wa Mzee Lemaron wakati ule. Alinitazama tu, na mimi, mtu ninayependa moto na blanketi, nikatoka mbio nje kwenye baridi.

Dume jeupe lilikuwa limeegemea nguzo kwa ubavu wake wote. Waya wangu uliokazwa ulikuwa umelegea, na bomba limegeuka. Nililipiga ubavuni, likanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, halafu likasogea kidogo. Nikakumbatia mlingoti kwa mikono miwili nikaanza kuzungusha.

"Kushoto," sauti ikatoka dirishani.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwa Nairobi! Hapo. Hapana, imeenda. Rudisha."

"Hapa?"

"Hapo! Usipumue."

Niliposimama hivyo picha ilikuwa nzuri, nilijua kwa sababu hakuna mtu aliyenihitaji tena. Nikiachilia kidogo, kelele inatoka ndani. Kwa hivyo sikuachilia. Upepo uliingia kwa mkono mmoja wa koti ukatokea kwa mwingine. Dume lilirudi likaanza kujikuna kwangu. Kwa mkono mmoja nilitoa kioo cha Mutua, nikakiinua kuelekea dirisha, nikajaribu kuona. Niliona mgongo wa shuka mpya ya Tajeu. Halafu mgongo ukapanda, Tajeu alikuwa amesimama, na kioo chote kikawa shuka.

Muziki ukapanda. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa Mzee Lemaron miaka yote ya kumchajia betri. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaishiwa, akaanza tena.

"Tajeu," akasema. "Hukuona. Usiku ule hukuona mwisho."

Kiooni shuka mpya ikashuka polepole, Tajeu alikuwa ameketi.

"Ulikuwa wapi?"

Na Tajeu, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi nitege sikio kuisikia: "Wewe si ulifuata ng'ombe?"

"Nilifuata ng'ombe."

"Na ng'ombe walikuwa wanafuata nani?"

Nyumba nzima ikalipuka. Mama Naisiae alikuwa akilia machozi. Nilisikia wajukuu wakipanga upya mchezo wao, sasa anayekimbia ni Tajeu na nyuma yake ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe guka yao akiwaita warudi.

Nilipoingia, vidole havikunjuki, wimbo wa taifa wa kufunga stesheni ulikuwa unapigwa. Wazee wawili walikuwa wameketi bega kwa bega chini ya shuka moja. Nikauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Basi mpishi alipona?"

Wakatazamana. Walikuwa wametaniana tangu ujana, na nafikiri usiku ule ndio mara ya kwanza walikuwa upande mmoja.

"Kwani hukuona?" Tajeu akasema.

"Nilikuwa nimeshika mlingoti."

"Lo. Pole sana, fundi." Akamgeukia Lemaron. "Tumwambie?"

"Ni hadithi ndefu," Mzee akasema. "Amechoka. Mpatieni chai."

Nikamwendea Mama Naisiae. "Waulize wazee," akasema, akamimina chai bila kuniangalia. Nikamwuliza yule kijana wa sekondari. "Walikuwa wanabishana," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyorithi kazi ya Lemaron. Kila betri iliyokuja kutoka Kisaju ilikuja na mwisho wake. Mara mpishi alifanywa mfalme wa bonde. Mara aliangukia ndani ya sufuria, akavingirika hadi nyumbani kwao. Tajeu aliwahi kuingia dukani kwangu likiwa limejaa watu, akawaambia, "Huyu ni yule aliyetoka nje kabla ya mwisho." Abdullahi akaichukua akaieneza soko lote la mbuzi.

Mbuga ikaisha kidogo kidogo. Miaka ya elfu mbili ilileta stima, mawe ya mipaka, na televisheni za rangi ambazo mjusi hana nafasi ya kuingia. Nyumbu waliacha kusubiri nifungue duka. Betri zilipungua mpaka siku moja nikagundua kwamba chaja ina buibui. Mzee Lemaron aliuza sehemu ya ardhi na kuhamisha ng'ombe upande wa Oltepesi, ambako bado kuna nafasi ya kutembea. Nguzo ya mtarakwa ilibaki ndani ya ploti ya mtu wa mjini, aliyeitumia kuanikia nguo.

Tajeu alifariki wakati wa ukame. Nilikwenda mazishi, na mtu anayenijua ataelewa ilikuwa ni heshima ya namna gani, maana ilikuwa safari ya kutwa. Baada ya udongo Mzee Lemaron alikuja akasimama karibu yangu, ameegemea fimbo. Niliona anataka kusema kitu, na nikajua ni kile.

"Fundi. Yule mpishi."

"Ndio, Mzee."

Akatazama kaburi, kama mtu anayeomba ruhusa. Midomo ikamcheza.

"Alioa," akasema. Akanishika bega, na machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa anacheka.

Sasa mambo yote yako kwa simu. Mwaka huu, nilipokuwa napanga vyombo vya kumwachia Brayo, nilimsimulia habari hii. Usiku akaitafuta filamu, akaipata, akaitazama yote peke yake kitandani. Asubuhi alinionyesha simu. "Mzee, iko hapa. Bonyeza tu." Nikamwambia aweke hiyo kitu mfukoni, kuna kazi.

Siku ya mwisho nilimpa chuma cha risasi, mita, na kioo cha Mutua kilichopasuka kona. Nikabaki na funguo za duka mkononi. Nikamwuliza, kwa utani tu, na nikasema nitaamini atakachosema:

"Brayo, mpishi alipona?"

Brayo akaangalia simu. Akaniangalia mimi. Akakuna shingo.

"Kwani," akasema, "wale wazee walikuambia aje?"

Nikampa funguo.